Mnara Darini, Simu Nguoni

Nyumba kongwe za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kuta zake hufika unene wa nusu mita. Ukuta wa namna hiyo huzuia joto la Februari, hupunguza kelele za tuktuk zinazopita Ndia Kuu, na hudhoofisha vilevile mawimbi ya simu. Aliye katika chumba cha ndani kabisa huona alama za netiweki zikipungua moja moja hadi ikasalia moja, naye huinuka akasogea dirishani, akashuka barazani au akapanda darini kumalizia maneno yake. Ni jambo dogo analolijua kila mwenyeji wa Kibokoni bila kufundishwa, lakini ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu la swali la sura hii: je, mawimbi ya simu yanatudhuru? Wanaouliza swali hilo hapa kisiwani aghalabu hutazama juu. Hutazama mnara uliofungwa juu ya ghorofa Bondeni, Majengo au Tudor, wakahesabu nyumba zilizo karibu nao, wakakumbuka nani kaugua saratani mtaani, na kampuni ikija kutaka maoni ya majirani kabla ya kufunga mwingine, wakakataa. Ninavyouona ushahidi, hofu hiyo imeelekezwa pasipo. Kama madhara yapo, pa kuyatafuta ni kwenye kifaa kinachogusa sikio, si kwenye chuma kilicho darini. Na hata huko sikioni, watafiti wametafuta kwa zaidi ya miaka 25 na hawajapata ushahidi thabiti wa madhara.

Tuanze na mawimbi yenyewe. Mionzi ya bomu la Hiroshima, na ile inayotumika kupiga picha za eksirei, ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Ikipita mwilini huweza kukata nyuzi za DNA, na majeraha ya namna hiyo ni mojawapo ya njia ambazo saratani huanza. Mawimbi ya simu hayamo katika kundi hilo. Ni ndugu wa mawimbi ya redio na televisheni, na hata mwanga wa kawaida unayashinda kwa mbali: chembe moja ya mwanga mwekundu ina nishati inayozidi ile ya wimbi la simu la megahezi 900 kwa zaidi ya mara laki nne, na bado mwanga mwekundu haukati DNA ya mtu. Kuongeza wingi wa mawimbi hakubadilishi hilo, kwa sababu kinachovunja kifungo cha kemikali ni nguvu ya chembe moja moja, si jumla yao. Wingi huleta joto tu. Msomaji makini atasema kwamba kutoijua njia ya madhara si ushahidi kuwa madhara hayapo, kwani tumbaku ilijulikana kuwa inaua kabla haijajulikana inauaje. Amesema kweli. Fizikia inatupa sababu ya kulitilia shaka dai, haitupi hukumu. Hukumu itatoka kwa watu waliotumia simu na yaliyowapata.

Joto, hata hivyo, linapimika, na vikomo vyote vya usalama vimejengwa juu yake. Wanyama wa maabara huanza kuonyesha athari pale mwili mzima unapopokea takriban wati 4 kwa kila kilo, kiasi cha kupandisha joto la mwili kwa digrii moja hivi. Tume ya kimataifa inayoshughulikia mionzi ya aina hii, ICNIRP, ikakigawa kiwango hicho kwa 50 kwa ajili ya raia wa kawaida, ikapata wati 0.08 kwa kilo. Kwa kichwa, ambapo simu hugusa sehemu ndogo tu, kikomo chake ni wati 2 kwa kilo zikipimwa katika gramu 10 za mwili. Marekani imeweka 1.6 katika gramu moja. Sasa tuje kwenye mnara. Shirika la Afya Duniani lilipokusanya vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara, mahali wanapofika watu wa kawaida, lilikuta viwango vya kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya vikomo vya kimataifa. Sababu kubwa ni umbali. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayokufikia hushuka hadi robo. Ukiongezeka mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. Tena antena haimwagi mawimbi yake miguuni pake. Huyarusha mbele, karibu sambamba na ardhi, hata anayelala chini yake mara nyingi hupata kidogo kuliko aliye mita mia kadhaa mbele yake.

Simu nayo ina nguvu ndogo, na nyingi za siku hizi hazifiki hata robo ya wati, lakini iko sentimita moja kutoka kwenye fuvu la kichwa. Na nguvu yake haitulii. Simu ni kama mtu anayezungumza na mwenzake: akisikika vizuri hunong'ona, akiwekewa ukuta katikati hupaza sauti. Karibu na mnara huishusha nguvu yake hadi sehemu ndogo mno ya uwezo wake. Nyuma ya nusu mita ya matumbawe huipandisha. Basi tuchukue mtaa uliofaulu kuukataa mnara. Mawimbi ya kutoka darini, ambayo hata hivyo yangekuwa chini ya asilimia 2 ya kikomo, hayapo. Lakini mama anayekaanga samaki huku akizungumza na dadake aliye Muscat, simu kaichomeka ndani ya mtandio imbane sikioni ili mikono yake miwili iwe huru, sasa anashikilia kichwani kifaa kinachojikaza kuufikia mnara wa mbali, na hupokea humo mtandioni mawimbi mengi kuliko ambayo mnara ule ungemletea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Na kama kweli simu inakula, basi waliouzuia mnara wameiongezea meno.

Kwa hiyo utafiti unaostahili kutushughulisha ni ule wa watumiaji wa simu. Mkubwa wa mwanzo uliitwa Interphone. Ulifanywa katika nchi 13, na matokeo yake kuhusu uvimbe wa ubongo yakachapishwa mwaka 2010. Watafiti waliwachukua watu wenye uvimbe aina ya glioma na meningioma, wakawalinganisha na wasio nao, wakawauliza wote wamewahi kutumia simu kiasi gani. Kwa jumla, watumiaji wa kawaida hawakuonekana kuwa na hatari zaidi. Walionekana hata kuwa na glioma kidogo kuliko wasiotumia, tokeo ambalo hakuna mtu mwenye akili zake aliyelichukulia kuwa simu ni kinga. Lilionyesha tu kwamba namna ya kuwachagua waliohojiwa ilikuwa na kasoro. Lakini katika kundi la juu kabisa, la waliosema wamezungumza kwa saa 1,640 au zaidi maishani mwao, yaani kama nusu saa kila siku kwa miaka kumi, glioma ilionekana kuzidi kwa asilimia 40. Nambari hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Haikuzunguka pamoja na maelezo yake: humo kundini walikuwamo waliodai kuzungumza zaidi ya saa tano kila siku, na mtu aliyepasuliwa ubongo, akiwa anatafuta kwa nini yamempata yeye, huikumbuka simu yake tofauti na jirani yake mzima. Tena glioma ni ugonjwa wa nadra. Katika nchi za Ulaya huwapata watu watano au sita hivi katika kila laki moja kwa mwaka. Hata tukiikubali ile asilimia 40 bila kuipunguza, tunazungumzia watu wawili hivi zaidi kwa mwaka katika kila laki moja ya wazungumzaji wakubwa. Si jambo la kupuuza kwa aliyepatwa, lakini ni mbali sana na picha ya mtaa mzima unaomalizwa na saratani.

Nambari hiyo ndiyo iliyochangia pakubwa uamuzi wa Mei 2011, pale wanasayansi 31 kutoka nchi 14 walipokutana Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, wakayaweka mawimbi ya redio katika daraja la 2B: huenda yanasababisha saratani kwa binadamu. Kila anayepinga mnara Mombasa hatimaye huufikia uamuzi huu, na ana haki ya kuufikia, kwa kuwa chombo kilichoutoa ni cha kuheshimika. Tatizo ni namna unavyosomwa. Madaraja ya Lyon hupanga uzito wa ushahidi, hayapangi ukubwa wa hatari. Ukitaka kuliona hilo, kaa jioni na wauza kahawa wa Mji wa Kale. Dele la shaba liko juu ya jiko la makaa, vikombe vidogo vinagonganishwa, na wazee wanakunywa kahawa chungu huku mmoja akitafuna tambuu. Kahawa iliyomo deleni ilikuwa katika daraja la 2B, sawasawa na simu, tangu mwaka 1991 kwa kushukiwa kuleta saratani ya kibofu. Mwaka 2016 ikaondolewa, baada ya tafiti kubwa zaidi kuisafisha. Siku hiyohiyo wanasayansi walilipandisha jambo jingine: vinywaji vya moto sana, vyenye zaidi ya digrii 65, vikawekwa 2A, daraja lililo juu ya simu, kwa sababu ya saratani ya umio, ambayo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwayo. Na ile tambuu? Popoo lililomo ndani yake liko daraja la kwanza tangu 2004, pamoja na tumbaku na asbesto, bila neno huenda. Mshubiri wa uani, ukitolewa maji ya jani zima, uko 2B pamoja na simu. Kwa hiyo aliye barazani na kikombe cha moto mkononi, popoo shavuni na simu mfukoni, anayelalamikia mnara wa mtaa wa pili, ameshika madaraja matatu ya juu ya Lyon kwa pamoja, na analaumu kitu cha mbali kuliko vyote.

Tangu 2011 ushahidi haukukaa kimya. Utafiti wa Denmark uliofuatilia watu zaidi ya 358,000 waliokuwa wateja wa simu haukukuta ongezeko la uvimbe wa ubongo. Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba kuwa na laini si sawa na kuitumia, na kwamba waliotumia simu za ofisi walihesabiwa kama wasio nazo. Basi ukaja utafiti wa wanawake wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022, wa wanawake 776,000 hivi walioulizwa wenyewe kabla hawajaugua. Nao haukuona tofauti, hata kwa waliotumia zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2024 ukafuata ule uitwao COSMOS, wa watu zaidi ya 250,000 katika nchi tano za Ulaya, ambao ulitumia pia kumbukumbu za kampuni kupima muda wa maongezi badala ya kutegemea kumbukumbu za watu peke yake. Wazungumzaji wakubwa hawakuugua zaidi kuliko wadogo. Na mwaka huohuo uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti 63 za kuanzia 1994 hadi 2022, ukafikia hitimisho lilelile. Msomaji aangalie namna kila utafiti unavyoziba tundu la uliotangulia. Jambo la kweli kwa kawaida huonekana zaidi kadiri vipimo vinavyokuwa vizuri, hili lilififia.

Hapo huja pingamizi la muda, na ndilo ninaloliheshimu kuliko mengine yote. Saratani ya asbesto hungoja miaka 30. Kenya yenyewe ilikuwa na simu za mkononi chache za ghali katika miaka ya tisini, na simu kwa umma zilikuja baada ya Safaricom na KenCell kuanza mwaka 2000. M-Pesa ya 2007 ndiyo iliyofanya kila mfuko uwe na simu. Je, hatuhukumu mapema? Kwa Mombasa peke yake, pengine ndiyo. Lakini watu wa Skandinavia walianza kubeba simu miaka ya themanini, na nchi zao huandikisha kila mgonjwa wa saratani. Wachunguzi waliopitia madaftari ya Denmark, Finland, Norway na Sweden ya kuanzia 1979 hadi 2008 hawakukuta glioma ikipanda kwa namna inayofuata kuenea kwa simu. Tumbaku ilipokuwa inaua Waingereza, vifo viliongezeka mpaka hesabu yenyewe ikawalazimisha madaktari kuuliza kulikoni; utafiti wa Doll na Hill wa 1950 ulikuja kueleza jambo lililokuwa limekwisha kuonekana. Hapa watafiti wanaeleza kitu ambacho madaftari hayajakiona. Wengine husema hao ni Wazungu, si sisi. Mawimbi hayamtambui mtu kwa rangi yake, lakini kuna tofauti moja ya kweli: simu zetu. Mwaka 2012 Kenya ilizima zaidi ya simu milioni moja bandia kwa usiku mmoja, na ni nani aliyepima simu ya bandia inatoa wati ngapi kwa kilo? Hilo ni swali zuri. Linahusu simu, tena, si mnara.

Panya wa Marekani nao hutajwa. Taasisi ya serikali ya huko ijulikanayo kama NTP iliwaweka panya ndani ya mawimbi ya simu kwa saa tisa kila siku, miaka miwili mfululizo, kuanzia wakiwa tumboni mwa mama zao, na mwaka 2018 ikatangaza kuwa panya madume wa aina kubwa walipata uvimbe wa moyo. Majike hawakuonyesha hivyo kwa uwazi. Kiwango cha juu kilikuwa wati 6 kwa kilo mwili mzima, yaani mara 75 ya kikomo cha raia, na la ajabu, madume waliowekwa katika mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuwekwa. Anayeuchukua uvimbe kutoka kwenye ripoti hiyo aichukue na ile siha.

Wazazi huuliza kuhusu watoto, na wanaume huuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu mfuko wa kanzu. Kwa watoto, utafiti wa MOBI-Kids wa nchi 14 uliwachunguza vijana wa miaka 10 hadi 24 wenye uvimbe wa ubongo na wasio nao, na haukuona kwamba simu inaongeza hatari. Kwa wanaume, Uswisi iliwapima vijana 2,886 wenye miaka 18 hadi 22 walipokuja kwa uchunguzi wa jeshi. Matokeo ya 2023 yalionyesha kwamba waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu chache kuliko waliotumia mara moja kwa wiki. Hapa kuna jambo la kufuatilia, wala silifichi. Lakini utafiti huohuo haukuona tofauti kati ya aliyeweka simu mfukoni na aliyeiweka kwingine, ambapo kama kosa lingekuwa la mawimbi mfuko ndio ungelikuwa wa kwanza kulalamika. Anayegusa simu mara 20 na zaidi kwa siku huenda pia analala vibaya, anakaa kitako zaidi na ana wahka zaidi; na uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi miaka ya 2005 hadi 2007 kuliko baadaye.

Kisha kuna wanaosema kichwa huwauma tangu mnara ufungwe. Maumivu yao ni ya kweli, na ni utovu wa adabu kuyafanyia mzaha. Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kiliwaita watu wa namna hiyo na kuwaweka karibu na antena, bila wao wala aliyewasimamia kujua lini inawaka. Walipoambiwa wazi kwamba inawaka, waliumwa. Walipofichwa, hawakuweza kutambua, na waliumwa vilevile ilipokuwa imezimwa. Hofu inaweza kuuma kichwa. Hiyo ni sababu tosha ya kutoieneza bila ushahidi.

Lakini hakuna hoja inayosikika Mombasa kwa uchungu kama hii: serikali na kampuni zilituambia hakuna tatizo hata pale Owino Uhuru. Kijiji hicho kiko Jomvu, ng'ambo ya Makupa, na kuanzia 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi wake madini ya risasi kwa moshi na maji machafu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliongoza mapambano yaliyokifunga mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa dhima ni NEMA, taasisi ileile inayotoa leseni ya mazingira kwa minara. Basi mtu akimsikia ofisa akisema mnara ni salama na akacheka, simlaumu. Ila tuangalie ushindi ule ulitoka wapi. Haukutoka kwenye hofu. Damu za watoto zilipimwa, udongo ukapimwa, na risasi ikakutwa. Madhara ya risasi kwa ubongo wa mtoto yalikuwa yanajulikana zamani, na kila kipimo kipya kilizidi kuthibitisha. Owino Uhuru haifundishi kwamba kila kisichoonekana kinaua. Ilishinda kwa sababu kilichoua kilipimika, na huku kwenye simu vipimo vinasema vingine.

Kuhusu fedha za kampuni, shaka ina msingi pia. Watafiti wa Uswisi walionyesha mwaka 2007 kwamba tafiti za simu zilizolipiwa na kampuni peke yake zilikuwa na uwezekano mdogo kuliko nyingine wa kutangaza athari. Dawa ya hilo ni kusoma tafiti za wasiolipwa na kampuni, na ule wa wanawake wa Uingereza ni mmojawapo. Na vyombo vya ukaguzi vikiwa na meno, huuma. Septemba 2023 Ufaransa iliipima iPhone 12 ikaikuta ikitoa wati 5.74 kwa kilo kwenye mkono, kikomo cha mkono kikiwa 4, ikazuia isiuzwe hadi Apple ilipobadilisha programu. Mji wa Kale nao una ushahidi wake kuhusu uzushi mwingine, ule wa 5G kuleta korona, ambao huko Uingereza ulisababisha minara kuchomwa moto Aprili 2020. Mei 2020 serikali ilifunga njia zote za kuingia na kutoka Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, kwa kuwa korona ilikuwa imeshika kasi humo. Safaricom ilianza majaribio ya 5G nchini Machi 2021, miezi kumi baadaye.

Asiyeridhika na haya yote, na akataka tahadhari, ana njia zisizomgharimu chochote, nazo zote zinahusu kifaa chake: azungumze kwa spika au kwa waya wa masikioni, aandike ujumbe badala ya kupiga, asogee dirishani netiweki inapokuwa dhaifu. Simu ikitoka sikioni ikafika umbali wa mkono, sehemu kubwa ya mawimbi yaliyokuwa yakiingia kichwani huisha hapohapo. Mwendesha bodaboda aliyeibana simu kati ya helmeti na shavu akipita Makupa, malori ya bandari ya Kilindini yakimpita kushoto na kulia, ana hatari kubwa zaidi kichwani pake kuliko mawimbi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu huwa na uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi zaidi, na barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka.

Na kwa majirani wanaoletewa karatasi ya maoni kuhusu mnara, kuna dai bora kuliko kukataa. Ufaransa, tangu Januari 2014, mkazi yeyote anaweza kuomba nyumba yake ipimwe mawimbi bure; gharama hulipwa kutoka mfuko unaochangiwa na kampuni zenyewe kwa kodi, mpimaji hachaguliwi na kampuni, na matokeo huchapishwa kwa anwani ya mtaa. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inaweza kudaiwa vivyo hivyo, kabla mnara haujafungwa na baada ya kufungwa, chumbani, barazani na darini, na kipimo cha tatu kichukuliwe kwenye simu ya mwenye nyumba akiwa katikati ya maongezi.